Macho Yako Si Maabara

Jumamosi nilipita tena kwenye lile duka la ndege Kariakoo. Tundu ni lile lile, ndege wapya. Kijana akaniwahi: "Dada, wazima hawa, si unawasikia wanavyopiga kelele?" Sentensi hiyohiyo niliuziwa mwaka jana, pamoja na jozi ya wale kasuku wadogo wenye kichwa cheusi na shingo ya njano.

Niliwapeleka kwa shangazi Tabata, tundu lao nikaliweka pembeni ya kasuku wake wa kijivu. Huyo mtaani ni maarufu. Akisema "Hodi!" kwa sauti ya marehemu mjomba, muuza samaki huitikia "Karibu" kabla hajakumbuka kuwa mgeni ni yeye.

Miezi michache baadaye kasuku huyo akaanza kuota manyoya mekundu kifuani. Nikampigia muuzaji, akacheka: "Si anazidi kupendeza!" Kisha manyoya ya kichwani yakadondoka, mapya yakatoka yamepinda, mengine yana damu shinani. Majirani wakaamua anajinyonyoa kwa upweke. Jamani, ndege gani anajinyonyoa kichwa kwa mdomo wake mwenyewe?

Daktari wa mifugo alichukua damu na unyoya kwa ndege wote watatu, vikapimwa kwa PCR, kile kipimo tulichokariri jina lake enzi za Uviko. Wote watatu walikuwa na virusi vya ugonjwa wa mdomo na manyoya. Wote! Wale wadogo waling'aa kama wametoka saluni, kumbe jamii yao mara nyingi hubeba virusi hivi bila dalili yoyote.

Sasa yule kijana na macho yake anaona nini? Virusi hivi vimo kwenye vumbi la manyoya na kwenye kinyesi, vinavumilia muda mrefu nje ya mwili, vinasafiri kwa mikono, nguo na vyombo. Wewe unajaza ndege wa kila upande kwenye tundu moja, wanakunywa kopo moja, halafu unaniapia ni wazima. Dawa ya kuviondoa mwilini hakuna. Kilichobaki ni kutenga na kupima: ndege mgeni akae chumba chake, na vyombo vyake, mwezi mzima kwa uchache, apimwe, kisha apimwe tena. Tena, ndiyo. Asiye na dalili akikutwa navyo hurudiwa baada ya siku 90, kwa kuwa wapo ambao mwili huvishinda wenyewe. Na bornavirusi, virusi vingine vinavyoharibu neva za tumbo hadi ndege anakula na kukonda, hutoka kwa vipindi: leo vimo kwenye kinyesi, kesho havimo. Jibu moja la "hana" usilitundike ukutani.

Mfugaji wa kuku Gongo la Mboto hatupi vifaranga wageni bandani kienyeji, anaogopa mdondo. Hajasomea virusi. Ameshazika kuku.

Haya, kupima ni gharama, nakubali kwa shingo upande. Ila matundu ya dhahabu bandia yenye kengele hela yake huwa haikosekani.

(Na hapana, virusi hivi haviambukizi watu. Homa ya kasuku inayotupata sisi inaletwa na bakteria.)

Moja tu nawasihi, hapa sitanii: ukimchoka usimfungulie dirisha. Hawa wa shingo ya njano asili yao ni Tanzania peke yake. Ukimwachia mgonjwa, unampeleka kwa ndugu zake.

Baada ya siku 90, mmoja wa wale wadogo alikutwa safi, mwenzake bado. Nimewatenga, wako kwangu. Wa kijivu yuko chumba cha uani kwa shangazi, kifua wazi kama kuku wa kuchoma. Nikienda naoga kwanza na kubadili nguo. "Hodi!" ananiambia. Shangazi hajawahi kuniuliza wale wawili niliwanunua wapi.