Bando Kubwa Haliharakishi Mlio wa Simu

Tangu ofisi yetu ya hapa Mwanga, Kigoma, ianze kupiga simu kwa waifai, lawama kubwa si sauti mbovu, bali ule ukimya wa sekunde kadhaa kati ya kubonyeza namba na kusikia mlio, hata anayepigiwa akiwa Ujiji tu. Dawa inayopendekezwa katika kila kikao ni kununua bando kubwa zaidi. Mimi napinga, kwa sababu ujumbe wa kuomba simu ni mdogo mno, takriban kilobaiti moja, na hauhitaji kasi, unahitaji kupishwa.

Simu hizi hutumia itifaki ya SIP, yaani utaratibu wa kuunganisha na kukata simu kwenye mtandao, ambayo kanuni zake za mwaka 2002 zinaitaka simu, inapotuma ombi kwa njia ya UDP (utumaji usiohakikisha kwamba ujumbe umefika), isubiri jibu kwa nusu sekunde tu. Isipojibiwa hurudia, kisha husubiri sekunde 1, halafu 2, halafu 4, hadi sekunde 32 zitimie ndipo ikate tamaa. Kwa hiyo ombi likipotea mara tatu mfululizo, sekunde 3.5 zimeshapita kabla seva, yaani kompyuta inayounganisha simu, haijajua kwamba kuna mtu anapiga. Linaloudhi zaidi ni kwamba pengine hakuna kilichopotea: jibu limekwama kwenye foleni ya ruta, kile kifaa kinachorusha waifai, nyuma ya video anayopakua mwenzetu, na simu, isiyojua hilo, inatuma nakala nyingine ya ombi na kuzidi kuisonga hewa ileile.

Kiwango cha kiufundi cha waifai kiitwacho IEEE 802.11e, cha mwaka 2005, kiligawa foleni hizo katika makundi manne na kuipa sauti nafasi ya mbele. Mafundi wengi (na sisemi kwa kejeli, maana kazi yao hupimwa kwa usafi wa sauti) huishia hapo, wakauacha ujumbe wa kuunganisha simu uchanganyike na barua pepe. Mazungumzo yanakuwa safi, ila kuyafikia ni shughuli.

Ningependa kabla ya kulipia bando tuupandishe kwanza ujumbe wa SIP kwenye kundi la juu, tuhamishie ruta kwenye chaneli (mkondo wa mawimbi ya waifai) 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajaijaza, na kompyuta zisizohamishwa zichomekwe waya, hasa ile inayopakua masasisho ya programu saa nne asubuhi.