Anayetumwa Ndiye Mtu wa Nyumbani

Kadi ya harusi inakufanya mgeni. Kinachokufanya mtu wa nyumbani ni kutumwa, na naona sisi wengine tumeacha kutumana.

Jumamosi nilikuwa na mizunguko yangu ya kawaida: kubadilisha mtungi wa gesi, kuchukua sare za watoto kwa fundi, kununua umeme, kupitia Soko la Kisutu kutafuta mboga za wiki. Bibi wa Kihindi wa ghorofa ya pili, ambaye jengo zima tunamwita Ba, akanisimamisha kwenye ngazi. Mjukuu wake anaolewa jioni. Akaniongezea mzigo wake: nazi zisizonyolewa nyuzi zote kichwani, majani ya embe mabichi, na ndizi mbivu zisizo na doa. Nazi na majani ni vya kuweka juu ya chombo cha shaba chenye maji wakati wa ibada. Hakuanza na "samahani, kama una nafasi". Alinituma kama anavyowatuma wanawe, nami nikatangulia na ndizi zake kabla ya gesi yangu.

Husemwa kwamba Wahindi wa Dar hawachanganyiki na watu. Mengine ni kweli, siwezi kuyakataa. Lakini mtaa wetu wa Upanga una historia yake. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha nyumba nyingi za kupangisha, sehemu kubwa zikiwa za Watanzania wenye asili ya Asia, zikawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na baadaye zikaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Waliozijenga waliumia, na wapo waliohama nchi moja kwa moja. Waliobaki wakawa wapangaji kama sisi, ngazi moja, tangi moja la maji. Ujirani huu ulianza kwa uchungu. Imechukua miaka ya kuazimana sufuria na kuangaliziana watoto hadi Ba aweze kunituma ndizi bila kupepesa macho.

Harusi yenyewe ilikuwa ya Kigujarati, ya watu wenye asili ya Gujarat, magharibi mwa India. Chakula sitakieleza sana: puri, dengu, viazi, achari ya embe, hakuna nyama, na hakuna aliyeikumbuka. Nataka kusema juu ya mlango.

Mama wa bibi harusi alimngojea mkwewe pale mlangoni akiwa na sinia lenye taa. Akampaka alama nyekundu kwenye paji la uso, kisha ghafla akanyoosha mkono amshike pua. Kijana akarudisha kichwa nyuma, rafiki zake wakamkinga kwa viganja, wanawake wakapiga kelele hadi wapiga ngoma wakanyamaza. Pua inashikwa ili akumbuke kwamba amekuja kuomba mtoto wa watu, basi aingie kwa adabu. Akakanyaga vyungu viwili vidogo vya udongo, vikapasuka, akapita. Alipovua viatu ili apande kwenye mandap, lile banda la maua wanamoketi maharusi, wadogo wa bibi harusi wakaviiba. Kuvipata tena ni kutoa pesa, baada ya mabishano marefu.

Bibi harusi aliletwa na mjomba wake, kaka wa mama yake. Bwana harusi alikuwa amewekewa kitambaa mbele asimwone mpaka akae. Walipouzunguka moto, mara nne kwa desturi ya Wagujarati, kaka wa bibi harusi alisimama kando akimtilia dada yake nafaka mikononi aitoe motoni.

Hakuna hata mmoja kati ya hao ambaye angekodiwa. Mjomba ni mjomba. Kama amechelewa kwenye foleni, anasubiriwa.

Nasi tulikuwa na kazi za ndugu kama hizi. Pwani kuna mkaja wa mama na kilemba cha baba, zawadi ambazo upande wa mwanamume huwapa wazazi wa binti. Kuna kifungua mlango, wanawake wa upande wa bibi harusi wakiziba chumba mpaka mwanamume atoe. Kuna somo, mwanamke anayemfunda bibi harusi, na kuna wanaomsinga bibi harusi, kama wenzetu wanavyowapaka maharusi manjano kabla ya siku yenyewe. Sasa harusi nyingi ninazoalikwa mjini ni kamati, mchango, kadi, ukumbi, MC. Shangazi aliyemlea binti anakaa meza ya nyuma akisubiri kuitwa kupiga picha.

Sipingi michango. Imewaoza wengi ambao wazazi wao wasingeweza peke yao. Ninachopinga ni mchango kuwa kazi pekee ya ndugu, kwa sababu hapo asiye na pesa hana nafasi tena. Wala sisemi kila desturi ya Kihindi ni ya kuigwa. India yenyewe ilipitisha sheria mwaka 1961 kupiga marufuku mali wanayodaiwa wazazi wa binti, na bado mabinti wanateswa kwa ajili yake. Kizuri tukichukue, kibaya tukiache kilipo.

Mpwa wangu anaolewa Desemba. Nimewaandikia wanakamati kwamba kabla hatujajadili bei ya ukumbi tuorodheshe kwanza kazi za ndugu: nani atamsinga, shangazi yupi ataziba mlango, mjomba yupi atamwingiza. Mjomba wetu wa Tanga mwaka huu hana cha kuchangia, na alishaanza kusema huenda asije. Nimempendekeza yeye amwingize bibi harusi, na kwamba MC asishike kipaza sauti mpaka mjomba amalize maneno yake.