Sapelo: Magofu Yanalindwa, Wenyeji Je?

Kisiwa cha Sapelo, pwani ya jimbo la Georgia nchini Marekani, karibu chote ni mali ya jimbo, na mtetezi wa mazingira ana haki ya kushukuru, kwa kuwa misitu na vinamasi vyake havikugeuzwa viwanja vya gofu kama ilivyotokea Hilton Head, kisiwa cha jimbo jirani la South Carolina. Hata magofu ya shamba la Chocolate, yaliyojengwa kwa chokaa, mchanga na makombe ya chaza, bado yamesimama. Kazi hiyo ilifanywa na watumwa, kama ilivyokuwa kazi ya pamba na miwa katika mashamba ya Thomas Spalding. Nyapara wake, Bilali Muhammad, naye mtumwa, Mwislamu mwenye asili ya Futa Jallon katika Guinea ya leo, Afrika Magharibi, aliacha hati ya Kiarabu yenye mafundisho ya fiqhi (sheria ya Kiislamu) ya Kimaliki. Hati hiyo imetunzwa vizuri katika Chuo Kikuu cha Georgia. Kizazi cha Bilali kilichobaki Hog Hammock, kijiji cha mwisho kisiwani cha jamii ya Geechee, yaani wazao wa Waafrika waliofanywa watumwa pwani hiyo, hakina uhakika huo wa kulindwa.

Septemba 2023, madiwani wa kaunti ya McIntosh waliongeza ukubwa wa nyumba unaoruhusiwa kijijini kutoka futi za mraba 1,400 hadi 3,000. Walisema kikomo cha zamani kilikuwa kigumu kusimamia na kiliibana familia ya leo. Hoja hiyo ina uzito, maana mwenyeji naye hutaka nyumba ya kuwapokea wajukuu. Hata hivyo, jumba la mapumziko la tajiri hupandisha thamani ya ardhi, kodi hufuata, na mrithi anayemiliki kiwanja pamoja na ndugu wengi bila hati yake binafsi ya umiliki ndiye wa kwanza kushindwa.

Kwa hiyo naunga mkono kikomo cha zamani, ingawa hakitoshi. Msitu unaosifiwa leo nao una historia yake: Raccoon Bluff, ambako watu waliotoka utumwani walinunua ardhi mwaka 1871, ilibaki tupu baada ya tajiri wa tumbaku R. J. Reynolds Jr. kuzikusanya familia Hog Hammock katikati ya karne ya 20. Jimbo lililokuja kununua ardhi ya tajiri huyo linapaswa kuwasaidia warithi kupata hati za umiliki na kuwapa kivuko cha kutegemewa, hasa baada ya daraja la gatini kuanguka Oktoba 2024, siku ya sherehe za utamaduni wao, na kuua watu saba.