Dari ya wodini

Mwaka jana nilifika Barcelona kwa semina. Siku ya mwisho wenzangu wakaenda kutafuta viatu, mimi nikalipa kiingilio kwenda kuangalia hospitali. Ndiyo, hospitali. Walinicheka mpaka uwanja wa ndege.

Inaitwa Sant Pau. Aliyeisanifu ni Lluís Domènech i Montaner. Ujenzi ulianza 1902, kwa urithi alioacha mwenye benki mmoja, Pau Gil, na ukakamilika 1930. Wagonjwa walitibiwa humo hadi 2009, wakahamishiwa majengo mapya ya jirani. Majengo ya zamani yamesimama mojamoja bustanini, na chini kwa chini zimechimbwa njia za kuwapitishia wagonjwa.

Mimi kilichonishika ni dari. Nilisimama kwenye wodi tupu nikainua shingo: vigae vya nakshi mpaka juu kabisa. Kumbe nakshi ile ilikuwa na kazi. Kigae kinafutwa kwa maji na sabuni, uchafu haushiki kama kwenye chokaa. Halafu mtu aliyelala chali wiki tatu atatazama nini kama si dari?

Nikamkumbuka shangazi, alipolazwa hospitali moja ya huku kwetu kusini. Juu ya kitanda chake siling bodi ilikuwa na doa la mvua, la kahawia, na kila nikimpelekea uji ananiambia limeongezeka. Alilijua doa lile kuliko alivyomjua daktari.

Ukisema haya Mtwara unajibiwa: dawa kwanza. Sibishi, dawa kwanza. Lakini mwembe wa kivuli na kigae ukutani ni mabilioni mangapi? Na nakshi tusiwaachie Wazungu. Nenda Mikindani ukaone milango ya kuchonga kwenye nyumba za mawe. Mwenye nyumba alipomlipa fundi, nadhani hakuna aliyemwambia anachezea hela. Wamakonde wanachonga mpingo hadi leo, watalii wananunua. Fundi wa namna hiyo kupewa mlango wa wodi auchonge, mimi sijaona.

Niliporudi nilimwonyesha shangazi picha kwenye simu. Akazipitia taratibu, za bustani akazirudia mara mbili.

"Pazuri," akasema. "Sasa ndugu wa wagonjwa walikuwa wanapikia wapi?"

Aliyetutembeza hakuligusia hilo, na mimi wala halikunijia kichwani kumuuliza.