Sikuona Uso

Kwenye geti la ploti yetu ya Nyalenda, hapa Kisumu, kuna patapata ya bluu ya mguu wa kushoto iliyopigiliwa msumari. Imekaa pale tangu Aprili. Mgeni akiuliza, huambiwa ni ya mchawi, na keateka, msimamizi wa ploti, humpeleka hadi pale ilipookotwa, kama mtu anayeonyesha watalii simba. Mimi hupita hapo asubuhi na jioni nikiwa nimeinamia simu.

Patapata ni yangu.

Mambo yalianza binamu yangu alipokuja kutoka Kakamega na kuku mmoja na maoni mengi. Kuku tulimmaliza kabla ya saa tatu usiku. Maoni yakabaki. Mimi ni mtu wa sinema za kutisha. Kwenye flashi yangu hakuna mapenzi wala kung fu, ni mizimu, mashetani, na watu wanaosikia kabisa kuna kitu kinakwaruza huko chini halafu wanateremka kukiuliza jina. Binamu naye alishikilia kwamba sinema isiyo na damu haitishi. "Kama hakuna mtu amekatwa," akasema akichokonoa meno, "hayo ni mahubiri."

Basi nikafanya kosa la kumfundisha.

Nikamwambia damu si kitu. Chukua Psycho ya Hitchcock, ya mwaka wa 1960, ile ya mwanamke anayeuawa bafuni. Sinema yenyewe haina rangi, ni nyeusi na nyeupe, na kile kinachotiririka kuingia kwenye shimo la maji ni chokoleti ya majimaji. Chokoleti, binamu! Kinachokufanya uoge mlango ukiwa wazi ni zile fidla zinazopiga mayowe kama nguruwe aliyeona kisu. Ziondoe, unabaki na mtu anayepakwa chokoleti.

Au Jaws, ya 1975. Spielberg alitengenezewa papa wa mashine, wakamtia kwenye maji ya chumvi, papa akagoma. Leo fundi, kesho fundi. (Mtu aliyewahi kumiliki matatu kuukuu anaelewa.) Ikabidi atuonyeshe maji matupu, mapipa yanayoelea na muziki wa noti mbili, na papa mwenyewe tunakuja kumwona vizuri baada ya zaidi ya saa nzima. Kumbe maji matupu yanatisha kuliko papa. Tangu niione sijaogelea Dunga, na najua fika kwamba Ziwa Victoria halina papa. Lina viboko, lakini kiboko simwogopi hivyo, hana muziki.

Binamu akapiga miayo. Nikamletea Get Out ya 2017. Mwanzoni kabisa kuna wimbo wa Kiswahili, Sikiliza kwa Wahenga, unaomwonya yule kijana akimbie. Anaonywa, lakini kwa lugha asiyoijua! Wewe uliye Nyalenda na sahani ya mifupa mapajani ndiye unayeelewa, na huna namna ya kumfikia.

"Angekuwa na rafiki mmoja Mkenya," binamu akasema, "hiyo sinema ingeisha dakika ya tano."

Hapo alisema kweli. Nikampa na Us ya 2019, ambamo Lupita Nyong'o, binti wa gavana wetu, anacheza watu wawili: mama wa kawaida, na mwenzake mwenye nguo nyekundu na mkasi. Mkasi si hoja, kila mama ana mkasi. Ni ile sauti, kama koo lililofungiwa miaka mingi na leo ndiyo limefunguliwa, likiwa na kutu. Binamu alijikuna mkono. "Huyo ni wetu," akasema, ingawa yeye ni mtu wa Kakamega na gavana wa Kisumu hamhusu.

Kufunga mahubiri nikaweka Ringu, ya Mjapani Hideo Nakata, ya 1998. Kuna kanda ya video. Ukiitazama simu inalia, na baada ya siku saba unakufa. Anayekuja kukuchukua ni msichana wa nywele ndefu zilizomfunika uso. Anatoka kisimani, anaikaribia skrini, halafu anatoka ndani ya TV yako hadi sebuleni. Kabla hatujafika hapo nikamfichulia binamu siri: yule mwigizaji alitembea kinyumenyume, kisha picha zikarudishwa nyuma, ndiyo maana viungo vyake vinakwenda kama si vyake. "Ukishajua ufundi," nikasema, "huogopi tena." Maneno hayo niliyatamka mimi, kwa mdomo wangu, mbele ya shahidi.

Sasa lazima nieleze TV yangu, maana ndiyo mshtakiwa wa pili. Ni ya kitambo, ina mgongo kama kobe, niliinunua kwa jirani aliyekuwa anahama. Tangu mitambo ya analogi izimwe nchini mwaka wa 2015 haijashika stesheni hata moja. Naitumia na DVD ya kuchomeka flashi. Ina tabia mbili. Ikiwaka, huanzia stesheni ya kwanza, ambako siku hizi hakuna kitu ila chenga, zile nukta nyeupe na nyeusi zinazochemka kama uji. Na sauti huanzia juu kabisa, mpaka uishushe kwa rimoti, kwa sababu kitufe chake kilizama ndani zamani na hakijarudi.

Yule msichana alipoweka mkono kwenye ukingo wa kisima, stima ikapotea. Nyalenda nzima, giza. Binamu akacheka: "Hata yeye wamemkatia!" Tukangoja, tukachoka, tukalala, mimi kitandani ndani ya chandarua, yeye kwenye godoro chini, kati ya kitanda na mlango. Swichi ya TV hakuna aliyeikumbuka.

Saa tisa usiku stima ilirudi.

Mimi sikujua ni stima. Nilichojua ni kwamba nilifungua macho, chumba kilikuwa cheupe kinatetemeka, na TV ilikuwa inapumua. SHHHHHHHH. Nikaitazama. Hakuna kisima, hakuna msichana, chenga tu. Hapo akili yangu, hii niliyoilisha mwenyewe kwa miaka kumi, ikaniambia polepole: kama hayuko ndani, basi ameshatoka.

Niliinuka ghafla. Kitu kikanishika uso. Kilikuwa chepesi, cheupe, kinanizunguka kichwa, nikikivuta, kinanivuta. Chandarua changu ni kile kikubwa cha kliniki, kimefungwa kwa kamba kwenye misumari minne. Mitatu iling'oka kama meno ya utotoni, wa nne ukaja na kipande cha plasta. Nikaruka kutoka kitandani nimo ndani yake kama mbuta kwenye wavu, na mguu wangu wa kwanza ukatua kwenye kitu laini kilichosema, "Hhhk."

Nilikuwa nimemsahau binamu.

Kile kitu laini kikaota mikono, na mikono ikanikamata kifundo cha mguu. Sijui nilitoa sauti gani. Binamu anasema haikuwa ya binadamu, na siwezi kumbishia. Aliniachilia, akajifunika blanketi hadi utosini, akaanza Baba Yetu kutoka katikati. Mguu wangu wa kushoto ulijiingiza wenyewe kwenye patapata. Wa kulia haukubahatika. Komeo, mlango, nje!

Taa ya uani ilikuwa imeungua tangu Januari, na keateka alikuwa ameahidi kuibadilisha "kesho" hadi neno lenyewe likachakaa. Kwa hiyo mwanga pekee ulitoka mlangoni kwangu, ule mweupe wa kumemetuka, na mbele yake nilikuwa mimi, nimetandazwa.

Mzee wa namba nane, mstaafu wa reli, alikuwa ndiyo anatoka chooni. Nafikiri tulitazamana. Mimi niliona kitu kirefu cheusi kimejaa mlango wa choo, nikageuka. Yeye alirudi ndani, akajifungia, na mayowe aliyoyapiga kutoka kwenye lile shimo yalinipa mbio mpya. Nikafika kwenye kamba ya nguo ya Mama Mapacha na kuikata kwa kifua. Sare mbili za shule, bado mbichi, zikajiunga na msafara.

"Uuuwi! Jajuok! Jajuok, yawa!" Huyo sasa ni Mama Mapacha, dirishani, akiita mchawi kwa Kijaluo.

Na hebu ona akili ya mwoga inavyofanya kazi: nilisikia faraja. Kumbe si mimi peke yangu niliyemwona! Nikaongeza mwendo, nikimkimbia yule yule ambaye ploti nzima ilikuwa inamkimbia. Karibu na geti patapata ikanitoka. Nikakata kona, nikajikwaa nyuma ya tangi la maji, nikaanguka, na pale chini, pua ikiwa matopeni, ndipo nilipoona nilichokuwa nimevaa.

Mtu hupewa sekunde mbili tatu kuchagua atakuwa nani katika ploti kwa maisha yake yote. Nilivua chandarua, nikakisokota pamoja na sare, nikavisukuma chini ya tangi, nikatokea upande wa pili nikiwa na kaptula tu. Watu walikuwa wanatoka na tochi za simu, panga, na mmoja na mwiko wa ugali.

"Ameenda wapi?" nikauliza.

Tukaenda wote hadi chumbani kwangu. Mlango wazi. Misumari imeng'oka. TV inanguruma chenga. Binamu yuko chini ya blanketi, na alipofunuliwa alinyoosha kidole.

"Ilitoka hapo," akasema. Mtu wa damu, huyo. "Ikanikanyaga hapa tumboni. Ilikuwa baridi kama samaki. Halafu ikatoka nje, na ndugu yangu akaifuata. Peke yake. Mikono mitupu!"

Watu wote wakanigeukia. Sijawahi kutazamwa hivyo, hata siku niliyohitimu.

Mjadala ukaanza uani. Mama Mapacha alisema ni jajuok, wale wa kukimbia usiku, ameonekana na amesikika. Fundi viatu wa namba mbili, mtu wa Vihiga, akasema haiwezekani, mkimbiaji wa usiku hukimbia uchi, na huyu alikuwa amevaa kama bibi harusi. Mzee wa namba nane, aliyekubali kutoka chooni baada ya kuapiwa, aliwahi kufanya kazi Mombasa na akasema kule kitu kama hicho kinaitwa jini, na hakina miguu. "Kilikuwa na mguu mmoja," akasema keateka, akiinua patapata.

Kisha akanigeukia mimi. "Kijana, wewe ndiye ulikifuata. Kilikaaje?"

Ningeweza kueleza pembe, ningeweza kueleza macho ya moto. Nilikuwa na flashi nzima ya kuchagulia. Lakini nilikuwa nimechoka, matope yananikauka puani, na nilitaka tu twende tukalale.

"Sikuona uso," nikasema.

Kimya. Mwenye mwiko aliushusha. Mama Mapacha akawavuta watoto wake nyuma ya leso. Mzee akarudi nyuma hatua moja, akarudia kwa sauti ndogo, "Hakuona uso," na hakuna mtu aliyelala tena hadi muadhini wa kwanza. Asubuhi ikawa "hakina uso." Kufikia Jumapili, kule Pandpieri, uso kilikuwa nao, ila kisogoni. Papa wa Spielberg hakufika mbali hivyo, na yeye alikuwa na muziki.

Yaliyofuata yalikuwa ya gharama. Kila chumba kilitoa shilingi 100 za mwombezi na 50 za taa, ambayo hatimaye ilipatikana siku hiyo hiyo. Keateka alivuta chandarua kutoka chini ya tangi kwa fimbo ndefu, wakakimwagia mafuta ya taa, wakakichoma kwa nyimbo. Sare nazo zikachomwa, maana Mama Mapacha alisema hata zikifuliwa mara saba hazitavaliwa. Nikamchangia 500 za kununua nyingine. "Mungu akubariki, una roho safi," akaniambia, na nikaangalia upande wa ziwa. Binamu aliondoka na matatu ya kwanza ya Kakamega bila chai. Mimi nililala wiki mbili bila chandarua, jambo ambalo katika Kisumu ya masika ni hadithi nyingine ya kutisha, na hiyo ina damu.

Nilidhani imeisha. Halafu Jumamosi moja nilikuwa mlangoni nafua soksi, pacha mmoja akaja akachuchumaa mbele yangu. Ana miaka sita. Alikuwa anaangalia chini ya kitanda changu, ambako patapata ya bluu ya mguu wa kulia ilikuwa imelala tangu usiku ule kwa sababu ya uvivu wangu.

"Anko," akasema, "hiyo si inafanana na ya mchawi?"

Nilimpa shilingi 20 za mandazi. Akazikunja kwenye ngumi, akaweka kidole mdomoni kuonyesha ametia kufuli, akaenda zake.

Baada ya dakika tano akaja pacha mwenzake.