Maji ya munyu yakichujwa, masalia yaende wapi?

Ukanda wa hoteli wa mashariki ya Unguja, Michamvi hadi Makunduchi, una hoja ambayo si ya kupuuzwa: mwenye hoteli aliye na mtambo wa kuondoa chumvi anachuja maji ya munyu ya kisima, maji baridi anawaachia wanakijiji. Masalia, yaani maji yanayobaki na chumvi yote, humiminwa shimoni nyuma ya jengo. Chumvi imetoka chini, inarudi chini. Kosa liko wapi?

Tupige hesabu. Chukua lita 4 za maji ya kisima yenye gramu 3 za chumvi kwa lita. Mtambo ukitoa lita 3 za kunywa, karibu gramu zote 12 zinabaki ndani ya lita 1. Chumvi haikuongezeka hata chembe, ila sasa ni kali mara nne, na inarudishwa kwenye jiwe lile lile la matumbawe, lenye matundu kila upande, ambamo jirani naye amechimba kisima. Na maji yetu baridi yanaelea juu ya maji ya bahari: kila mita 1 iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba takriban mita 40 chini yake. Ukivuta yakashuka sentimita 10, chini munyu unapanda kama mita 4. Juu ya hilo tunaongeza shimo.

Wa kwanza kulijua ni mama anayefua. Sabuni haitoi povu, maharage hayaivi, chai inakuwa na munyu. Akilalamika huambiwa ni ukame. Pengine ni ukame kweli, lakini basi kisima na shimo vipimwe pamoja kila mwezi, na majibu yabandikwe pale kisimani ayaone.

Wengine husema masalia yapelekwe baharini, na wakulima wa mwani wanakataa. Wana haki, ingawa sababu inayotajwa, kwamba masalia yana chumvi kupita kiasi, siyo. Gramu 12 kwa lita ni chache kuliko 35 za bahari. Kwa mwani ni kama mvua inayozimua chumvi, na Paje, ulikoanza ukulima wa mwani mwaka 1989, hakuna asiyejua masika inavyouharibu. Mtambo unaochuja maji ya bahari yenyewe ni jambo jingine: ukitoa nusu, masalia hufika gramu 70.

Mimi naona tuanze kwa kupunguza. Choo na bwawa la kuogelea havihitaji maji yaliyochujwa. Munyu wa kisima unatosha, na chumvi yake hairudi chini ikiwa kali. Yatakayobaki yatumike. Kaskazini-mashariki ya Brazili, vijiji vinavyochuja maji ya visima hufuga perege katika masalia, kisha humwagilia majani yanayovumilia chumvi, ambayo huliwa na mbuzi. Sisi tuna mwatiko, samaki anayeishi maji baridi na maji ya chumvi, na wafugaji wake tunao hapa hapa. Pemba kuna watu wanaojua kuanika maji hadi yawe chumvi.

Si rahisi. Masika hujaza mabwawa ya kuanikia, ardhi ya pwani ni ghali, na masalia ya kisima yana chokaa nyingi, kwa hiyo chumvi yake haifai mezani bila kusafishwa. Bwawa lenyewe lisipotandikwa turubai zito, linavuja na kuwa shimo lile lile, pana zaidi. Gharama hizo ni za kweli. Ila leo anazilipa mama wa kisimani, kwa kununua maji kwa ndoo. Anayeomba kibali cha kuchimba na kuchuja aonyeshe kwanza bwawa lake la masalia liko wapi.