Ramani ikionyesha parachuti, zunguka

Marubani wa ndege ndogo tuna kauli yetu moja tunayoipenda, hasa tukiwa tumekaa nje ya banda la ndege tukingoja upepo utulie: "Anga si ya mtu." Haichelewi kutoka mazungumzo yakigusa viwanja vya warukaji wa parachuti. Mmoja atalalamika kwamba wale watu wamejimilikisha hewa, mwingine atasema sheria inamruhusu kupita juu ya kiwanja chao muda wowote, na wa tatu atamalizia kwamba kila mtu ana macho, atazame.

Kwa sheria wanasema kweli. Marekani, kwa mfano, kile kialama cha parachuti kwenye ramani ya anga hakifungi njia. Kinakuarifu tu kwamba hapa watu huruka. Ndege ya warukaji ndiyo iliyobebeshwa masharti: iwasiliane na waongoza ndege walau dakika 5 kabla ya kuruka, na pasiwe na mrukaji anayepita ndani ya wingu. Wewe unayekatiza, katika anga isiyoongozwa, hudaiwi kitu zaidi ya kutazama na kukwepa. Mimi naona haki hiyo ni ya kwenye karatasi, na rubani anayejali roho yake hana sababu ya kuitumia.

Wengi wetu hatujawahi kukanyaga ndani ya ndege ya warukaji, kwa hiyo tunajichorea picha isiyo sahihi. Tunadhani kuna duara dogo juu ya kiwanja na watu wanashuka ndani yake kama kwa ngazi. Sivyo. Ndege, iwe Cessna Caravan au Twin Otter, hupanda hadi futi 13,000 au 14,000, hugeukia upepo unakotoka, hupunguza mwendo, mlango hufunguliwa. Watu hutoka kwa makundi, na kati ya kundi na kundi huachwa sekunde kadhaa ili wasije wakagongana huko chini. Ndege haisimami kuwangoja. Kundi la mwisho linapotoka, la kwanza limeachwa nyuma zaidi ya kilomita, pengine mbili. Mtu aliyelala kifudifudi hewani huanguka kwa karibu kilomita 190 kwa saa. Anayetanguliza kichwa huvuka 250. Mwanguko huo huchukua kama dakika moja, kisha parachuti hufunguka: wale wanaoruka wawili pamoja, mteja amefungwa kifuani kwa mkufunzi, hufungua kwenye futi 5,000 hivi, wazoefu hushuka zaidi, hadi futi 3,000 na kitu. Baada ya hapo wanaelea dakika 5 hadi 7 mpaka miguu iguse nyasi.

Sasa zilinganishe namba hizo na zetu. Safari zetu za kawaida tunaruka futi 3,500, 4,500, 5,500. Tunapita katika tabaka lile lile ambamo watu wanafungua. Usidhani ukipanda hadi 8,500 umeokoka, kwa sababu hapo wanapita wakiwa katika kasi yao kubwa kabisa, na wapo wanaofungua mara tu wanapotoka mlangoni, kwa raha ya kuelea muda mrefu. Ilimradi uko chini ya ndege yao, hakuna kimo salama.

Halafu upepo. Warukaji hawatolewi juu ya kiwanja. Hutolewa upande upepo unakotoka, ili wasukumwe kuelekea kiwanjani. Upepo wa juu ukiwa mkali, mlango unaweza kufunguliwa kilomita kadhaa kutoka pale alama ilipochorwa. Kwa hiyo rubani anayejipongeza kwamba amepita pembeni ya kiwanja, kama pembeni yenyewe ni ule upande wa upepo, amejipeleka chini ya mlango.

Mimi nilikuwa upande huo. Kimo futi 4,500, rubani mwenzangu kushoto na mimi kiti cha kulia, maana siku hiyo nilikuwa namsindikiza aizoee ndege mpya. Tulikuwa tunaongea na waongoza ndege wa eneo, na muongoza ndege alitutajia kwamba kuna ndege ya warukaji juu, futi 13,500. Tuliitazama, tukaiona kama nukta, tukaridhika. Masafa ya redio yalikuwa yamejaa, watu wanapokezana bila nafasi. Mwenzangu ndiye aliyeona kwanza, na hakusema kitu cha maana, alitoa mguno tu. Mbele kushoto, kwenye kimo chetu hasa, kitambaa cha rangi ya machungwa kilikuwa kinajikunjua. Niliona viatu vya mtu. Nikakamata usukani nikalaza ndege kulia, na wakati bawa la kushoto linainuka nikaona parachuti ya pili, chini yetu, tayari imeshafunguka. Maana yake mtu huyo alipita kwenye kimo chetu sekunde chache kabla, wakati sote wawili tunatazama nje, na hakuna aliyemwona.

Yule wa kwanza hanisumbui sana. Tulimwona, tukamkwepa, mfumo ukafanya kazi. Huyo wa pili ndiye anayenifanya niandike.

Mwenye macho haambiwi tazama, na kanuni nzima ya kutazama na kukwepa imejengwa juu ya imani hiyo. Lakini macho yana mahesabu yake. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, katika mwongozo wake wa kuepuka migongano, huhesabu kwamba rubani anahitaji sekunde 12.5 tangu jicho linapokiona kitu hadi ndege igeuke: kukitambua, kung'amua kwamba mnaelekea kugongana, kuamua, kusukuma usukani, na ndege yenyewe kuitikia. Sekunde 12.5 kwa mtu anayeanguka mita 53 kila sekunde ni zaidi ya mita 650. Kwa hiyo ili kanuni ifanye kazi inabidi umwone mtu mmoja, asiye na taa wala bawa, akiwa mita 650 juu yako na mbele yako. Hapo ni doa. Na doa lililo kwenye njia ya kugongana nawe halisogei kiooni. Linakaa palepale, na jicho la binadamu limeumbwa kushtukia kinachosogea.

Liko jambo baya zaidi ambalo sikuwahi kulisikia darasani. Chukua ndege inayokwenda kama kilomita 190 kwa saa, yaani mwendo wetu wa kawaida, na mrukaji anayeanguka kwa kasi hiyo hiyo. Kama mtagongana, basi tangu mwanzo hadi mwisho yuko mbele yako kwa pembe ya nyuzi 45 kwenda juu. Kaa kwenye kiti chako ujaribu kutazama huko. Katika ndege yenye mabawa juu utaona paa na bawa. Katika ile yenye mabawa chini utaona dari. Unaweza kuwa rubani mwangalifu kuliko wote, kichwa kinazunguka kama inavyotakiwa, na bado mtu huyo asionekane kabisa. Vyombo navyo havikusaidii. Ndege ya warukaji ina transponda, kile kifaa cha redio kinachoitambulisha ndege, na itaonekana kwenye skrini yako; mtu aliyetoka ndani yake hana. Skrini itakuonyesha ndege moja iko futi 9,000 juu yako, na utavuta pumzi ya kuridhika, kama sisi tulivyofanya.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya nadra mno kuyasumbukia. Nadra ni kweli. Lakini Novemba 1993, huko Northampton, Massachusetts, mrukaji aligongana angani na ndege ndogo iliyokuwa ikipita. Watu wanne waliokuwemo kwenye ndege wote walikufa. Mrukaji alinusurika. Natamani kila anayesema "wao ndio wajihadhari" alitafakari hilo, kwa sababu tumezoea kudhani chuma kikikutana na nyama, chuma kinashinda. Mwili wa mtu mzima kwa kasi ile unatosha kabisa kuivunja ndege nyepesi. Machi 2014, katika uwanja mdogo karibu na Lakeland, Florida, Cessna 170 iliyokuwa ikifanya mazoezi ya kutua na kupaa ilinasa kamba za parachuti ya mtu aliyekuwa anakaribia kutua. Ndege ikabwagika chini, mrukaji akarushwa. Wote wawili walipona. Aliyekuwa pale na kamera alipiga picha za tukio zima, na zilizunguka dunia. Angalia lakini kwamba hao wa Florida walikuwa wakitumia kiwanja kimoja. Kama wanaotumia kiwanja kimoja wanakutana hivyo karibu na ardhi, mpita njia wa futi 4,500 anajiamini kwa nini?

Ubishi mwingine ninaousikia una hasira zaidi: kwa nini mimi mwenye safari nipindishwe na watu wanaojirusha kwa starehe? Mtu anayesema hivyo mara nyingi anarudi kutoka kula chakula cha mchana kwenye kiwanja cha mbali na hana shughuli nyingine yoyote. Sote tuko pale kwa starehe. Na mkwezi akiwa juu ya mnazi anaangua madafu, mtu hasimami chini akitetea kwamba njia ni ya wote.

Gharama yenyewe ya kuzunguka ni aibu kuitaja. Chukua kipande cha safari cha kilomita 60 ambacho katikati yake pana kiwanja cha warukaji. Ukipinda mapema ukapita kilomita 8 pembeni, umeongeza kilomita 2 tu. Ni sekunde 40 za kuruka. Pinda kwenda upande upepo unakoelekea, si unakotoka, ili hata ukikosea, parachuti ziwe mbali nawe. Sijasikia hoja yoyote ya kutetea sekunde hizo 40 ambayo haikuwa kiburi.

Warukaji nao siwapambi. Baada ya tukio letu nilipiga simu kwenye kile kiwanja. Aliyepokea alikuwa muungwana, akaniambia tangazo la kuruka lilitolewa vizuri tu, kwenye masafa ya kiwanja. Ndiyo, na sisi tulikuwa kwenye masafa ya waongoza ndege wa eneo. Rubani wao alimwambia muongoza ndege pia, lakini muongoza ndege alikuwa na msululu wa ndege nyingine za kuhudumia, na taarifa kwamba wanaanza kuruka haikutufikia kabla ya watu kutoka mlangoni. Kila mmoja katika mlolongo huo alifanya alichotakiwa kufanya. Ndiyo sababu nasema kanuni zenyewe ndizo pungufu. Matangazo mengine niliyowahi kuyasikia nayo ni ya kukimbizana: jina la kiwanja linamezwa, dakika zilizobaki hazitajwi, rubani amesharudia sentensi ile mara kumi tangu asubuhi na kwake imekuwa kama kukohoa. Mgeni hawezi kujua ni wapi wala lini. Rubani wa warukaji, taja kiwanja, taja upande wa upepo watakakotolewa, taja dakika, na uyaseme taratibu. Ukiona ndege yoyote chini inayoelekea huko, usifungue mlango. Mafuta ya kuzunguka mara moja zaidi yatalipwa na wateja.

Kwa mamlaka za anga, ningependa mpita njia naye abebeshwe sharti moja dogo: ndani ya kilomita kadhaa za kiwanja cha warukaji kinachofanya kazi, awe kwenye masafa ya kiwanja hicho au ameambiwa wazi na muongoza ndege kwamba hakuna mtu angani. Sitaki anga ifungwe. Nikifungiwa anga kila penye kialama, ramani yangu itajaa mashimo, na najua ndege za ukaguzi wa mashamba na za mafunzo zitaumia kuliko mimi. Sharti la kusikiliza halimzuii mtu kupita.

Mpaka hilo liwepo, kama ndege yako ina redio mbili, ya pili iweke kwenye masafa ya kiwanja kilometa 20 kabla hujakifikia. Ukisikia wametoka, hesabu dakika kumi. Na katika hizo kumi usiwatazame warukaji peke yao. Ile ndege iliyowaleta ikishakuwa tupu hushuka kama jiwe, pua chini, ikiwahi kubeba kundi linalofuata. Mara nyingi iko ardhini kabla ya abiria wake, na rubani wake anatazama mbele na chini, wewe uko ubavuni.